Tarumbeta Ambalo Hakuna Aliyelisikia

Nililipuliza tarumbeta la bati la Gogo Jenifa nikiwa juu ya paa la gereji, alasiri, nikiwa na miaka kumi, kwa sababu Trezo alisema siwezi. Hiyo ndiyo sababu yote. Watu wanaoharibu maisha ya wenzao kwenye sinema huwa na kisasi, au tamaa, au walau mpango. Mimi nilikuwa na mashavu tu.

Naanza na hili kwa sababu nikianzia mahali pengine nitajitafutia visingizio, na kwa visingizio mimi ni bingwa wa shule nzima. Muulize mwalimu wetu wa hesabu. Kwa ajili yake nimeshazika mababu wanne, na mmoja nimemzika mara mbili.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Jumapili iliyopita mama alifungua kopo la pilchadi, wale samaki wa mchuzi wa nyanya ambao kila spaza, kiduka cha mtaani, ya Joburg inawapanga kando ya sabuni na mishumaa. Wewe unaijua harufu hiyo. Ni harufu ya bahari iliyofungwa jela. Wengine ikiwapata wanawaza chakula cha tarehe ishirini na tano ya mwezi. Mimi hupandwa na hasira hadi masikio yanapata moto.

Siku zile tulikaa Kensington, mtaa wa hapa Joburg, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Gogo Jenifa. Baba alikuwa ameshatutoka, si kwa kifo, kwa teksi ya kwenda Durban. Mama, mtu wa Tanga asiyejua kukaa bure, alimtunza Gogo: kumpikia, kumwogesha, kumpa dawa zake, kumtembeza hadi kwenye geti na kumrudisha. Gogo alikuwa mzungu wa miaka themanini na kitu, mfupi, mwenye macho ya mtu anayetafuta jambo mbali sana nyuma ya kichwa chako. Mwenyewe ndiye aliyetaka tumwite Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. "Madamu ni wa dukani," alisema. "Mimi siuzi kitu."

Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume wa makamo aliyeishi Midrand kwenye mtaa wenye ukuta, waya wa umeme, geti, na geti lingine ndani ya geti. Alikuja mara moja kwa mwezi. Nilimwita Bwana Rimoti, kwa kuwa alibonyeza kidude cha gari kulifunga, akapiga hatua tatu, akageuka akabonyeza tena, kana kwamba mimi na mama tulikuwa tumejificha kichakani tukisubiri abonyeze mara moja tu.

Siku ya kwanza kula mezani kwa Gogo ilikuwa pilchadi na ugali. Nilimshika samaki wangu nikamng'ata. Gogo akaweka uma chini.

"Umeanzia kichwani!"

"Hana kichwa, Gogo. Wamekikata."

"Kilipokuwa kichwa. Samaki huyu huliwa kuanzia mkiani kwenda kichwani. Ukila hivyo wenzake wanageuza vichwa kuelekea pwani, wanakuja. Ukianza kichwani unawafukuza. Kijiji kizima kinalala njaa kwa sababu ya mdomo wako."

"Lakini Joburg haina pwani, Gogo."

"Na unaona matokeo yake."

Mama alicheka hadi akashika meza, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Sisi kwetu mtu anaanzia anapotaka, mradi aseme bismillahi. Lakini uko mezani kwa watu. Mgeuze samaki wako." Nikamgeuza. Siku nyingine zote, Gogo akitazama kando, nilianzia kichwani makusudi, nione kama bahari itajua.

Kijiji chake kilikuwa Cornwall, ile pembe ya mwisho kabisa ya Uingereza, nchi inapochoka na kutumbukia majini. Hakukitaja jina. Alisema "kwetu", vilevile mama anavyosema "kwetu", na mtu wa tatu chumbani ajue yeye si wa huko. Nyumba za mawe zimebanana kwenye mteremko hadi jirani akipiga chafya wewe ndiye unayesema pole. Chini, bandari ndogo. Juu, kwenye ukingo wa jabali, kibanda cha mpiga mbiu.

Mpiga mbiu huyo alikuwa babu yake Gogo, wa mwisho kuifanya kazi hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa kutazama. Mwisho wa kiangazi alikaa pale juu tangu alfajiri akitazama maji, kwa sababu pilchadi huja kwa maelfu wameshikamana, na bahari juu yao hubadilika rangi, zambarau hivi, kama goti lililovilia damu. Akiiona rangi hiyo alipuliza tarumbeta la bati, refu kama mkono wa mtu mzima, akapaza sauti: "Hevva! Hevva!" Yaani wamekuja, wako pamoja. Hapo kijiji kilivunjika kama kengele ya mwisho ya Ijumaa shuleni. Mhunzi aliacha chuma motoni. Mwalimu aliacha chaki. Gogo aliapa kwamba siku moja kasisi aliacha maziko katikati, na maiti akasubiri, kwa kuwa hata yeye marehemu alikuwa mvuvi na angeelewa.

Wanaume walikimbilia mashua, lakini aliye ndani ya mashua hawaoni samaki, wako chini yake. Anayeona ni aliye juu. Kwa hiyo babu alishika vitawi viwili vya kichaka cha miiba, kimoja kila mkono, akawaongoza kutoka pale jabalini: kushoto, kulia, polepole, sasa teremsheni wavu. Na wanawake, wakisikia tarumbeta tu, waliingia jikoni. Walikanda keki ya zabibu, bapa, wakaichora juu kwa kisu mistari ya kupitana kama wavu. Wavu ukifika nchi kavu, keki iko moto.

Mama aliipenda sana hiyo. "Nasi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo," alimwambia Gogo, na mimi nikatafsiri. Gogo akamfundisha keki yenyewe. Alipofika kwenye mafuta ya nguruwe mama aliinua mikono yote miwili. "Astaghfirullahi, bibi! Hapo natia siagi." Gogo alionja, akatafuna muda mrefu, akasema, "Si yenyewe. Nipe kipande kingine."

Kisha akasema keki hiyo haipikwi ovyo, inapikwa tarumbeta likilia. Mama akajibu kwa utani, "Basi siku likilia, mimi moja kwa moja jikoni."

"Ahadi?"

"Ahadi."

"Sharp," akasema Gogo, yaani sawa, neno la mitaani alilolipata kwangu, na alilitumia vibaya kila mara.

Tarumbeta lenyewe lilining'inia kwenye msumari ukumbini. Mimi nililiona kuwa babu wa vuvuzela, hivyo tu. Niliuliza mara mia kama naweza kulipuliza, na mara mia alikataa. Mara ya mwisho alinikalisha.

"Kwetu kijana mmoja alilipuliza kwa mzaha. Mashua zikatoka, kumbe hakuna samaki, kuna upepo. Moja haikurudi. Unajua walimfanya nini?"

"Walimchapa."

"Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemsemesha tena. Hadi akaondoka mwenyewe."

Niliona ni hadithi ya kunitisha. Adhabu ya kunyamaziwa! Mimi ambaye walimu watatu walikuwa wananiomba ninyamaze wao wapumzike.

Samaki waliacha kuja kabla Gogo hajazaliwa, alisema, na hakuna aliyejua kwa nini. Wanaume wakaingia migodini kuchimba bati, kwenye mashimo yaliyokwenda hadi chini ya bahari, wakisikia mawe yakibingirika juu ya vichwa vyao. Bati nalo likaisha faida. Baba yake akaja hapa kuchimba dhahabu, akampandisha meli Gogo akiwa na miaka tisa, sanduku moja, tarumbeta ndani ya sanduku. Hapa shuleni walimcheka anavyosema.

"Wewe wanakucheka?" aliniuliza.

"Mimi? Mimi ndiye ninayewachekesha."

"Ni jambo lilelile," akasema. "Ila wewe umewawahi."

Sijawahi kumsamehe kwa sentensi hiyo. Nikiwa nimesimama mbele ya darasa, wote wanagaragara kwa kicheko, huisikia.

Basi. Alasiri hiyo. Trezo, jirani yangu, mtoto wa fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alikuwa nami juu ya paa la gereji. Nilikuwa nimelichomoa tarumbeta msumarini ili nimwoneshe tu.

"Weye hauwezi," Trezo akasema. "Hauna pumuzi. Uko na mudomo tu."

Mwanadamu wa miaka kumi atajibuje hapo?

Lilitoa sauti ambayo sikuitegemea. Nilidhani litalia kama vuvuzela, kelele ya nyuki. Lilinguruma. Njiwa wote wa mtaa waliruka. Trezo aliziba masikio huku anacheka, nami nikaongeza, kwa sauti ya juu kabisa, "Hevvaaa!"

Gogo alikuwa amekaa barazani upande wa mbele. Tulimwona akisimama. Mwanamke aliyetumia dakika kumi kwenda msalani alishuka ngazi bila kushika ukuta. Akafika kwenye rozimari yake, akavunja matawi mawili, akafungua geti. Alitembea kama mtu aliyechelewa.

Kwenye kona ya barabara kuu robot, yaani taa za kuongozea magari, ilikuwa imekufa wiki nzima, nyaya zimeibwa, na magari yalipita kwa kutishana. Gogo alikwenda akasimama katikati. Kwa ndala. Na aproni yenye maua.

"Eish, Gogo, suka!" dereva wa teksi alipiga kelele, akimfukuza njiani.

Gogo akainua tawi la kulia. Teksi ikasimama. Naapa, teksi ya Joburg, daladala la huku, imejaa abiria, ilisimama kwa ajili ya rozimari. Akainua la kushoto, upande wa pili ukapita. Kwa dakika tano ile njia panda ilikwenda vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kuishi pale. Watu walipiga honi, wakacheka, wakatoa simu wakarekodi. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiwa na tarumbeta mapajani.

Trezo ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Shabani, tushuke. Bataumiza ule mama mukubwa."

Mama alikuwa ameshatoka mbio, mikono myeupe kwa unga. Gogo alipomwona aligeuka, ndala ikamsaliti, akaanguka kwa magoti. Damu kidogo, basi. Wale wenye simu walisogea karibu zaidi wapate goti.

Nilifika wakati mama anamwinua, na nilimsikia Gogo kwa masikio haya. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Najua ni barabara, binti yangu, sijarukwa na akili. Lakini mtu akilipuliza, unakwenda. Huwezi kujua ni nani anayeita. Nimefika nikakuta robot imekufa na watu hawaonani, nikaona niwasaidie."

Sema ni wapi hapo panapoonesha wazimu. Niambie. Nimepatafuta kwa miaka saba.

Bwana Rimoti alifika kabla jua halijazama, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya Midrand. Hakuja kwa sababu mama yake ameanguka. Alikuja kwa sababu video ilifika ofisini kwake na watu wakacheka kabla hawajajua ni mama wa nani. Alikuja na mama mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye faili na sauti ya taratibu. Nyumba ilikuwa na moshi. Mama yangu alizima oveni, akatoa trei yenye kitu cheusi, akakitupa kwenye pipa bila kukitazama.

"Na nyumba nusura iungue," akasema Rimoti, na yule wa faili akaandika.

Walimkalisha Gogo kwenye kochi wakamwuliza leo ni siku gani. Akajibu. Mwaka gani. Akajibu. Rais ni nani. Akajibu, na akaongeza maoni. Nikaona anashinda, nikamshangilia moyoni kama penalti.

"Na kwa nini uliingia barabarani?"

"Kwa sababu tarumbeta lililia."

"Tarumbeta gani, mama?" akauliza Rimoti.

"La babu. Lile la ukumbini."

Rimoti alikwenda ukumbini. Alirudi na uso ule wanaoutoa watu wazima wakiwa wamepata walichokitaka na wanataka uwaonee huruma. "Hakuna tarumbeta, mama. Kuna msumari tu."

Alizaliwa katika nyumba ile! Alipita chini ya tarumbeta lile kila siku ya utoto wake, na hakujua kama jana lilikuwepo au halikuwepo. Nilikuwa nimeshalificha chini ya godoro langu, uani, hatua ishirini kutoka pale aliposimama.

Gogo hakubishana naye. Alinigeukia mimi. Alinitazama vile alivyotazama vitu vya mbali, safari hii kwa karibu.

"Shabani. Wewe ulilisikia, si ndiyo?"

Chumba kizima kikaniangalia. Nikamtazama mama. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, anafuta mikono iliyokwisha kukauka, anatazama sakafu. Niliwaza: nikisema, tutafukuzwa. Niliwaza: ni swali moja tu, ameshapata yale mengine yote. Niliwaza, na hili ndilo la kijinga kuliko yote, kwamba samaki niliwaanzia kichwani mara nyingi mno, na sasa ndiyo laana yake inafika.

"Hapana, Gogo," nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo. Kisha akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetazama maji siku nzima na sasa anashuka jabalini. Hakuniambia neno tena, wala kwa hasira wala kwa upole. Wiki ileile walimpeleka kwenye nyumba ya wazee, huko Midrand, karibu na mwanawe, ambaye sasa angeweza kutomtembelea kwa urahisi zaidi. Aliingia kwenye gari bila kunitazama. Hadithi ile ya kijana wa kwao haikuwa ya kunitisha.

Nyumba ikauzwa kabla ya baridi. Vitu vyake viliwekwa nje ya geti kwenye maboksi, watu wakachagua. Nilimwona mtu akiondoka na rozimari, mzizi na udongo wake, ndani ya beseni. Gogo alikuwa ametusimulia kwamba kule kwao nyumba za wavuvi zimenunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wiki mbili za jua, na kipindi cha baridi madirisha yote ni giza, na kibanda cha babu yake hukodishwa kwa wapenda mandhari. Alisimulia kwa hasira. Nilidhani hasira hiyo ni uzee.

Sisi tukahamia Hillbrow, ghorofa ya kumi na moja, lifti ya kuombea dua. Mara moja tulikwenda kumwona. Teksi mbili na kutembea juani, mama amebeba keki ndani ya kitambaa. Mlinzi wa getini alikuwa Mkongomani, akatusikia tunavyosema akafurahi, akapekua karatasi zake mara tatu.

"Mama, munisamehe. Majina yenu haiko kwa liste. Mutoto wake ndiye anaandikaka."

Tulimwachia keki. Alisema atajaribu kuifikisha. Alikuwa mtu mwema, kwa hiyo huenda alijaribu.

Na Jumamosi iliyopita simu ya mama ikalia kidogo: ujumbe wa mistari miwili kutoka kwa Rimoti. Mama yake amefariki, alidhani tungependa kujua. Mwishoni, vile viganja viwili vya njano vinavyoomba. Tungependa! Miaka saba hakupata nafasi ya kutuandika kwenye karatasi ya getini, lakini viganja alipata. Nilipiga ukuta hadi jirani akajibu kwa kupiga wake. Nilimkasirikia Rimoti, na mama wa faili, na kila mtu aliyeinua simu badala ya mkono siku ile. Nilipowamaliza wote hao, hasira ilibaki imesimama palepale, haijapungua, inanisubiri mimi.

Ndipo Jumapili mama akafungua lile kopo. Harufu ikapanda. Nikaingia chumbani, nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoka na tarumbeta la bati nikaliweka mezani kati ya sahani. Sikufanya mzaha hata mmoja. Alama hiyo muiandike mahali. Nilimwambia yote: paa, Trezo, godoro, na kwamba Gogo aliondolewa nyumbani kwake kwa kusikia kitu kilicholia kweli, na mtu pekee aliyejua alikuwa mimi, nami nikasema hapana.

Mama hakuligusa tarumbeta. Alinipakulia ugali, akanipakulia samaki, akakaa. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Hukuwa peke yako. Nililisikia nikiwa chumba cha pili, nikajua ni wewe, nikaingia jikoni kama nilivyomwahidi. Ile keki iliyoungua, Shabani, ulidhani nilikuwa nampikia nani? Haya, kula. Anzia mkiani."